Kabla ya Kununua Kipuri Kipya, Uliza cha Zamani Kimeuawa na Nini

(Kwa ndugu ambao hawakuweza kufika: hii hapa hotuba nzima kama ilivyotolewa kwenye mkutano wetu wa wenye magari ya zamani, bila zile picha zilizoonyeshwa ukutani.)

Wazee wangu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Nianze na swali. Nani hapa ana gari la familia lenye umri wa miaka 15 au zaidi? Nyosheni mikono. Vizuri. Sasa wabaki wamenyoosha wale tu waliowahi kununua kipuri kipya, wakakifunga, na tatizo likabaki pale pale. Mnaona wenyewe? Karibu mikono yote bado iko juu. Basi tumekutana kwa jambo la maana.

Wako wanaodhani kutengeneza gari mwenyewe ni kujua kufungua na kufunga. Ndugu zangu, kufungua na kufunga kunafundishika. Kazi yenyewe iko kabla spana haijashikwa: kujua ni nini kimeharibika, kisha, na hapa ndipo wengi tunaporuka, kujua kimeharibiwa na nini. Kwenye gari la zamani kipuri hakifi hivi hivi. Kina kilichokiua. Ukikitupa bila kuuliza, muuaji bado yumo ndani ya boneti, anamngoja mgeni mpya.

Kwa hiyo leo nitarudia swali moja mpaka mlichoke: kimeuawa na nini?

Mwezi Agosti 1888, mama mmoja wa Kijerumani, Bertha Benz, alitoka nyumbani na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakiwa na gari alilolibuni mumewe, Karl. Mume hakuagwa. Walitoka Mannheim kwenda Pforzheim kumwona mama yake Bertha, safari ya zaidi ya kilomita 100, wakati ambapo hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa gari la injini ya petroli. Gereji hakuna. Kituo cha mafuta hakuna; mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch, dawa ya kutolea madoa kwenye nguo, akaitia kwenye gari. Njiani mafuta yakagoma kupita. Hakubomoa injini. Aliifuata njia ya mafuta hadi palipoziba, akapazibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa kuwashia ukachubuka, akaukinga kwa gata, ule mkanda wa kushikilia soksi mguuni. Breki za mbao zikaisha kwenye miteremko, akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi.

Niambieni, mama huyu alikuwa na nini? Vifaa hakuwa navyo. Alijua mafuta yanatoka wapi na kuingia wapi. Alijua umeme unapita wapi. Alijua ni nini kinachosimamisha gurudumu. Nami nasema hayo matatu, ukiongeza maji yanapopita na oili inapopita, yanatosha kumfikisha mbali sana yeyote aliyeketi hapa.

Tuanze na umeme, maana ndio unaokula pesa nyingi bure.

Jirani yangu gari lake lilikuwa haliwaki asubuhi. Akizungusha ufunguo, stata, ile mota inayoizungusha injini iwake, inagonga tik, tik, kisha kimya. Akanunua betri. Likawaka siku chache, likarudia. Akabadilisha stata. Likarudia. Alipokuja kwangu alikuwa ameanza kuzungumza habari za alteneta, ile inayochaji betri. Nikamuuliza: ile betri ya kwanza iliuawa na nini? Akanyamaza.

Tukachukua maltimita, kile kipimo kidogo cha umeme ambacho kila mmoja wenu anapaswa kuwa nacho kabla hata ya seti ya spana. Betri ya gari iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma karibu volti 12.6. Yake ilisoma hivyo. Injini ikiwa inaunguruma, alteneta nzima huipandisha mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Nayo ilifika. Basi betri nzima, alteneta nzima. Nini kimebaki? Njia. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye stata, na lazima urudi kwenye betri kupitia injini na waya wa ethi. Tukaweka ncha moja ya kipimo juu ya kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si juu ya kibano chake, kichwa chenyewe. Ncha nyingine tukaigusisha kwenye chuma kitupu cha injini. Mtoto wake akazungusha ufunguo. Njia ikiwa safi, hapo hupati hata nusu volti. Sisi tulipata zaidi ya volti mbili.

Volti mbili zilikuwa zinapotea kwenye waya ambao kwa macho hauna kasoro. Tukaufuata kwa mkono mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi. Bolti imekaza. Rangi ya pembeni imetutumka kidogo, basi. Tulipofungua, chini ya kile kijicho cha waya kulikuwa na kutu ya kijani na unga mweupe, chuma hakigusi chuma. Tukasugua kwa msasa mpaka pande zote mbili zikang'aa, tukafunga, tukapaka grisi juu. Gari likawaka kwa mguso mmoja.

Nini kilichoua betri yake? Hakuna, ilikuwa hai. Na ile stata ya zamani pia ilikuwa hai. Zote mbili zilikuwa zimetupwa stoo zikiwa nzima.

Na ninyi mtakaojaribu hili, shikeni utaratibu: ukifungua betri, anza na hasi, ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Hasi ndiyo iliyounganishwa na bodi nzima. Ukianza na chanya, spana yako ikigusa bodi kwa bahati mbaya, cheche zinazotoka hapo zinaweza kuyeyusha chuma, na betri hutoa gesi inayolipuka. Vueni pete na saa za chuma.

Sasa maji.

Ni wangapi huongeza maji kwenye rejeta kila baada ya siku kadhaa na kuona ni kawaida, kwa sababu gari ni la zamani? Ndugu zangu, si kawaida. Mfumo wa kupooza injini umefungwa. Injini ya miaka 20 iliyo nzima haitakiwi kuongezwa maji kila wiki, sawa na ile ya mwaka jana. Yakipungua, yamekwenda mahali. Mahali gani?

Kuna dada mmoja, mama wa watoto wanne, gari lake lilikuwa hivyo. Asubuhi sakafu kavu, rejeta kavu, mipira haivuji. Wote walimwambia aendelee kuongeza tu. Yeye akakataa. Akaketi akauliza kwa mpangilio. Je, yanaingia ndani ya gari kupitia kile kirejeta kidogo cha hita? Akapapasa zulia chini ya dashibodi: kavu, na hakuna harufu tamu ya kulanti, yale maji ya dawa ya kupoozea injini. Je, yanaingia kwenye silinda? Moshi haukuwa mweupe mzito wa kudumu, na chini ya kifuniko cha oili hakukuwa na utando wenye rangi ya maziwa, ule ambao mara nyingi husema gasketi ya silinda hedi imeachia. Akachukua tochi, akaanza kuangalia pampu ya maji. Kwa chini pampu nyingi zina kitundu kidogo, kimewekwa makusudi, ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kutoka kwenye kitundu kile kulikuwa na mchirizi mkavu wa rangi ya waridi, kama chaki. Injini ikiwa moto maji yalikuwa yanatoka matone machache na kukauka kabla hayajafika chini. Kwa hiyo sakafu ilikuwa kavu kila siku.

Sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo alipookoa injini. Kwenye gari lake pampu ile huzungushwa na mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja. Akafungua daftari la gari: mkanda haujabadilishwa tangu alinunue. Mikanda ya mpira ya taiming ina kikomo, mingi karibu kilomita 100,000, mingine chini au juu ya hapo, na ina kikomo cha miaka pia hata kama gari halitembei sana. Kitabu cha gari ndicho kinachosema. Na kwenye injini nyingi, mkanda ukikatika, valvu zilizobaki wazi hugongwa na pistoni zinazopanda. Hapo hakuna tena kuzungumzia kipuri kimoja. Dada yule akabadilishiwa pampu na mkanda kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Hakufanya mwenyewe, alipeleka kwa fundi, lakini alikwenda akijua anachotaka. Mimi hilo nalihesabu kuwa ni kutengeneza gari mwenyewe, tena kwa heshima zote.

Mambo mawili juu ya rejeta, halafu tuendelee. La kwanza, kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Ndani kuna mgandamizo. Maji yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na bado hayajachemka kwa sababu tu kifuniko kimefungwa. Ukifungua, yanachemka yote mara moja, usoni mwako. La pili, kulanti nyingi zina sumu, na ladha yake ni tamu. Watoto na wanyama huilamba. Usiiache kwenye beseni wala kuimwaga uani.

Breki. Hapa ninaomba tusikilizane vizuri zaidi, maana gari la familia ni gari la watoto.

Rafiki yangu alibadilisha pedi za breki za mbele mwenyewe, kazi safi, na kabla ya muda kupita sana akasikia ule mlio mwembamba wa chuma. Akasema pedi zilikuwa feki. Tukavua gurudumu. Pedi ya nje bado nene. Ya ndani imekwisha, imebaki bamba. Niwaulize: pedi mbili za boksi moja, upande mmoja, diski moja, moja inaishaje na nyingine ibaki nzima? Ingekuwa feki, si zingekuwa feki zote mbili?

Kalipa, kile kibano kinachozibana pedi kwenye diski, ya aina ile huelea juu ya pini mbili. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini na kuivuta ya nje. Pini moja ilikuwa imekauka grisi na kushika kutu. Kalipa haitelezi, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, tena haiachii. Pedi iliuawa na pini. Angefunga nyingine mpya, nayo ingekufa vivyo hivyo. Tukazitoa pini, tukazisafisha, tukazipaka grisi maalumu ya breki inayovumilia joto, si ile ya kawaida inayovimbisha mpira, tukabadilisha vile vimpira vya vumbi vilivyochanika, ndipo pedi mpya zikaingia. Na zinabadilishwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja, siyo upande mmoja tu.

Na mafuta ya breki, nani anakumbuka ya kwake yalibadilishwa lini? Kimya. Nilitegemea. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu, gari limejaa watu na mizigo, joto hilo linafikiwa. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni. Miaka miwili, ndugu zangu, ndiyo desturi ya wengi. Kopo liwe jipya, lililofungwa. Lile lililokaa wazi rafuni tangu mwaka juzi limeshanyonya unyevu tayari.

Kuhusu matairi nitasema kwa kifupi kwa sababu yenyewe yanajieleza. Limelika katikati, upepo ulizidi. Limelika kingo zote mbili, upepo ulipungua. Limelika upande mmoja tu, angalia alaimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, na bushi kabla hujanunua jingine. Na kwenye ubavu wa tairi, mwisho wa ile alama ya DOT, tafuta tarakimu nne: 3518 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Someni na la akiba, ambalo mara nyingi ndilo zee kuliko yote.

Vijana wangu wa nyuma, najua mnasubiri nizungumzie kile kifaa cha kusoma kodi, zile namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya gari. Ni kizuri, kinunueni. Magari yanayouzwa Marekani yana soketi yake tangu 1996, na ya petroli ya Umoja wa Ulaya tangu 2001, kwa hiyo magari mengi ya zamani tuliyo nayo yanasomeka. Lakini kodi inakwambia gari limehisi nini. Haikwambii ununue nini. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Kijana mmoja alipoiona alibadilisha sensa ya oksijeni, na sensa ilikuwa inasema kweli tupu! Hewa ilikuwa inaingia kupitia mpira mdogo wa vakyumu uliopasuka nyuma ya injini. Ukiutazama haukuonyesha kitu; alipoukunja kwa vidole pale unapoingia kwenye bomba, ufa ukafunguka. Mpira wa urefu wa kidole.

Nimebakiza moja, na hili sitalipunguza makali.

Msiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki. Narudia. Msiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Si kwa dakika moja, si kwa kuokota nati iliyoanguka. Jeki ni ya kuinulia. Ya kubebea ni stendi. Jeki ya mafuta ikivuja sili inashuka bila kuaga, na ile ya mkasi inayokuja na gari hupinda gari likisogea kidogo tu. Na tofali, je? Tofali hubeba, hubeba, halafu hupasuka kwa mara moja.

Fundi mzee aliyenifundisha alikuwa na utaratibu, na hakukubali mtu auruke. Ardhi tambarare na ngumu. Breki ya mkono, gari kwenye gia. Kabari nyuma na mbele ya gurudumu linalobaki chini. Nati unazilegeza nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Unainua. Unaweka stendi kwenye sehemu iliyoimarishwa ambayo kitabu cha gari kimeionyesha, kisha unalishusha gari likae juu ya stendi. Gurudumu ulilovua unalilaza chini ya kizingiti cha mlango, ili chochote kikitokea gari liangukie hilo. Halafu anasema: litikiseni. Tulilishika gari mabegani tukalitikisa kwa nguvu zetu zote, vijana watatu. Kama litaanguka, alisema, lianguke sasa. Hakuna aliyeruhusiwa kulala chini kabla ya hapo, hata yeye mwenyewe, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

Kurudisha gurudumu: kaza nati kwa kuvuka, moja hii, inayofuata ya upande wa pili, mpaka ziishe. Malizia kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukazia, gari likiwa chini. Tembea kama kilomita 50 hadi 100, kisha zikague tena.

Zipo kazi ambazo nawaomba mziache kabisa, hata kama mikono inawasha. Mito ya hewa ya usukani na dashibodi. Springi za shokamzoba, maana ile springi iliyobanwa ikiachia inaua. Gesi ya kiyoyozi. Na mwenye gari la haibridi, zile nyaya za rangi ya chungwa zina mamia ya volti. Usizifuate hata kwa kipimo. Kujua mpaka wako ni sehemu ya ufundi, na fundi mzuri hatakuchukia kwa kufika ukiwa umeshapima yaliyopimika. Atakupenda.

Oili nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu tunaweza kuishughulikia sasa hivi. Tumekaa humu ndani muda wa kutosha, oili imeshateremka yote kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na uwanja wa maegesho ni tambarare. Tutoke wote. Kila mmoja afungue boneti, atoe kijiti, akifute, akirudishe mpaka mwisho, akitoe tena ndipo asome. Iwe kati ya alama mbili. Juu ya alama ya juu nako si kuzuri. Kisha tazameni tangi la kulanti kwa nje, kwenye alama, na kifuniko mkiache kama kilivyo kwa sababu injini bado zina joto. Atakayekuta imepungua asikimbilie kuongeza. Aniite, au amwite mzee yeyote aliye karibu, tuanze kutafuta ilikokwenda. Tochi ninazo tatu, na stendi ziko kwenye buti langu kwa wanaotaka kuona zinavyowekwa.